Watoto Waliopelekwa na Kusi

Mwaka 1868 manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne ilikuwa ikivizia majahazi yaliyokuwa yakipanda kaskazini kutoka Zanzibar. Nahodha wake, George Sulivan, aliandika baadaye kitabu kuhusu kazi hiyo, na humo akaeleza jinsi jahazi moja lilivyokuwa limepakiwa. Chini kabisa, juu ya mawe ya farumi na bila hata mkeka, walikuwa wanawake 23 waliojikunja kwa kukosa nafasi ya kuketi wima, mmoja au wawili wakiwa wamepakata vichanga. Juu yao, kwenye sakafu ya mianzi iliyoinuliwa kiasi cha futi tatu kutoka kwenye mkuku, walisongamana wanaume 48. Na juu ya hao, kwenye sakafu ya tatu, walikuwa watoto 53. Baadhi ya watu hao wote walikuwa hoi kwa njaa na kuhara damu.

Watoto ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote ndani ya jahazi lile, na haikutokea kwa bahati. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa watu katika upande huu wa Bahari ya Hindi waliwatafuta watoto na wanawake kabla ya wanaume, na pwani inayoanzia Rasi Kiamboni, ikapita visiwa vya Wabajuni mpaka Kismayu na Barawa, ilikuwa mojawapo ya njia zao. Historia ya pwani hiyo imezoeleka kusimuliwa kwa mikataba ya masultani na mabalozi. Anayeamua kuwafuata watoto wenyewe hukutana na jambo ambalo mikataba haikulitaja: mtoto alitafutwa kwa sababu ni rahisi kumtenga na kumbukumbu ya kwao. Biashara ile ilipokwisha, hesabu hiyo haikwisha nayo.

Bahari yenye maficho

Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kwa mstari, sambamba na bara, kutoka Kismayu kwenda kusini hadi karibu na mpaka wa Kenya wa leo. Vinavyojulikana zaidi ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula; vingine ni vidogo mno, havikai watu. Upande wa nje mawimbi huvunjikia kwenye miamba ya matumbawe, na upande wa ndani, kati ya kisiwa na bara, kuna maji yaliyotulia. Burikao, ambako Waingereza walikuita Port Durnford, mkono wa bahari unaingia ndani kabisa ya mikoko. Nahodha asiyeijua miamba ile hukwama. Anayeijua anaweza kuficha chombo asionekane na mtu aliye nje baharini.

Wenyeji wa visiwa hivyo ni wavuvi na mabaharia wasemao Kibajuni, lahaja ya Kiswahili. Sifa yao ya kale ni kuvua kasa kwa kumtumia samaki aitwaye taza: hufungwa kamba mkiani, akaachiwa ajishikize kwenye gamba la kasa, kisha wote wawili wakavutwa mpaka chomboni. Wabajuni hawakuwa mabwana wa mashamba makubwa ya Benadir, yaani pwani ya Barawa, Marka na Mogadishu, wala biashara ya watumwa haikuanzia kwao. Lakini majahazi yaliyokuwa yakipanda na kusi yalipitia mlangoni mwao, na chombo chochote cha safari ndefu kilihitaji maji, kuni na mtu wa kukionyesha njia.

Njia hiyo iligeuka ya magendo kwa sababu ya maneno ya mkataba. Mwaka 1845 Sultani Seyyid Said wa Zanzibar alikubaliana na Uingereza, mbele ya Balozi Atkins Hamerton, kupiga marufuku kusafirisha watumwa nje ya milki zake za Afrika. Mkataba ulianza kutumika 1847. Hata hivyo uliacha mlango wazi: kati ya Kilwa upande wa kusini na Lamu upande wa kaskazini, watu waliendelea kusafirishwa na kuuzwa kwa ruhusa. Jahazi lililong'oa nanga Zanzibar mwezi Aprili au Mei, kusi ikishika, liliweza kudai kwamba linakwenda Lamu. Lilipoipita Lamu, likakipita na Kiwayu, ruhusa ilikuwa imekwisha. Mbele yake ndipo vilipokuwa visiwa, kisha Kismayu na Barawa, na mbali zaidi Arabuni.

Kismayu yenyewe ilikuwa bado changa. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa wakiishi sehemu zile tangu zamani, ila mji wa biashara ulikua katika miaka ya 1870, walipohamia Wasomali wa Harti kutoka kaskazini na Sultani wa Zanzibar akaweka liwali na askari. Bandari yake ni mojawapo ya chache katika pwani ile zinazoweza kumkinga baharia msimu wa kusi. Nyuma yake, mwendo mfupi tu, Mto Juba unamwaga maji baharini.

Mashamba ya Shabelle

Aliyewataka watu wote hao alikuwa nani? Picha ya jumla ni kwamba majahazi yote yalikwenda Maskati na Ghuba. Mengi yalikwenda huko kweli. Lakini sehemu kubwa ya waliopitishwa njia hii haikufika Arabuni. Iliteremshwa Barawa, Marka na Mogadishu, ikapelekwa kulima kando ya Mto Shabelle.

Tangu kati ya karne ya 19, Benadir ilikuwa ikiuza nje mtama, ufuta na pamba. Wafugaji wa bara waliona aibu kushika jembe, na wakulima wa mtoni hawakutosha. Wenye ardhi wakanunua mikono. Wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya watu 25,000 na 50,000 waliingizwa katika mabonde ya mito ya kusini mwa Somalia kati ya mwaka 1800 na 1890. Walitoka mbali: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, Wazaramo na Wazigua, wengi wao wakiwa wamepitia Kilwa, Bagamoyo au Zanzibar.

Mtu mzima aliyenunuliwa alikuja na mengi kichwani. Alijua lugha yake, mizimu yake, jina la baba yake na upande jua linakochomoza kwao. Angeweza kutoroka, na wengi walitoroka. Mtoto wa miaka saba au minane alikuwa na machache ya kushikilia. Alipewa jina jipya, akajifunza lugha mpya kwa wepesi wa watoto, akafundishwa kazi za nyumbani, za shamba au za chomboni, na baada ya miaka michache alimwita bwana wake kwa jina la jamaa. Mnunuzi alikuwa akinunua pia miaka mingi ya kazi iliyokuwa mbele ya mtoto yule. Kwa msichana hesabu ilikwenda mbali zaidi, kwa maana aliweza kufanywa suria na kuzaa watoto ndani ya nyumba ile ile.

Si wote waliotoka kusini. Kuanzia mwaka 1865 hivi, Waoromo walioishi kati ya Mto Juba na Mto Tana walipigwa na ndui, kisha wakashambuliwa na makundi ya Wasomali yaliyokuwa yakivuka Juba kutafuta malisho. Wanaume wengi waliuawa. Wanawake na watoto walichukuliwa mateka. Baadhi waliingizwa katika koo za waliowateka, wengine wakauzwa kwenye miji ya pwani. Kwa hiyo katika bandari ile ile mtoto wa Kiyao aliyeletwa na kusi aliweza kukutana na mtoto wa Kioromo aliyeletwa kwa miguu kutoka bara, wala hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake.

Njaa na rehani

Mshale na bunduki havikuwa njia pekee ya kumpata mtoto. Wazigua wa bonde la Juba wanasimulia mpaka leo kwamba wazee wao hawakutekwa vitani. Miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi yao, katika sehemu ambazo leo ni Mkoa wa Tanga. Wafanyabiashara wakawajia na ahadi: pandeni majahazi, huko tuendako kuna kazi na chakula. Watu walipanda pamoja na jamaa zao na watoto wao. Waliposhuka Barawa, wakauzwa.

Nusu karne baadaye jambo la namna hiyo lilitokea kwenye pwani ya Kenya. Njaa ya mwaka 1884, ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, iliwalazimisha wazazi wengi kuwaweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate nafaka. Rehani ilikuwa desturi yenye masharti yake. Mtoto alikaa kwa mwenye kudai, akamfanyia kazi, na jamaa zake walipolipa alirudishwa nyumbani. Katika njaa ile masharti yalivunjwa. Waliowekwa rehani waliuzwa na kusafirishwa mbali, hata mzazi aliyerudi na malipo mkononi hakumkuta wa kumkomboa.

Anayesoma mashauri ya sasa ya usafirishaji haramu wa binadamu Afrika Mashariki ataitambua hadithi hii. Ahadi ya kazi, gharama ya safari inayogeuka deni, na mtoto aliyekabidhiwa kwa mtu anayeaminika ambaye naye anamkabidhi kwa mwingine. Katika njaa ya Uzigua hakukuwa na haja ya pingu mpaka chombo kilipotia nanga.

Marufuku ya bahari, mwendo wa miguu

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na balozi John Kirk na tishio la manowari za Kiingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari popote katika milki yake. Soko la Zanzibar likafungwa. Biashara ilihamia nchi kavu mara moja. Makamu balozi Frederic Elton, aliyetumwa kuikagua njia ya Kilwa, aliwahesabu watu 4,096 waliokuwa wakipitishwa kwenda kaskazini katika mwezi mmoja tu, kati ya 21 Desemba 1873 na 20 Januari 1874.

Misafara hiyo ilisambaa njiani, Pangani, Pemba na kwingineko. Iliyoendelea ilipita nyuma ya Mombasa na Lamu, ikakata nchi ya bara inayotazamana na visiwa vya Wabajuni, ikatokea Juba na Benadir. Katika jahazi mtoto aliteseka kwa majuma. Katika njia hii aliteseka kwa miezi. Aliyeshindwa kutembea aliachwa.

Mwishoni mwa mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma manowari chini ya McKillop Pasha, zikateka Barawa na Kismayu. Wamisri walisema, pamoja na mengine, kwamba wamekuja kukomesha utumwa. Uingereza iliwashinikiza, wakaondoka. Baada ya uvamizi huo, Januari 1876, Barghash alitoa amri ya kufuta utumwa Benadir na Kismayu, miaka 21 kabla ya utumwa kufutwa Zanzibar na Pemba, na zaidi ya miaka 30 kabla ya kufutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika maandishi, basi, Kismayu ilitangulia. Katika mashamba ya Shabelle hakuna aliyeitekeleza amri ile. Nguvu za Sultani ziliishia kwenye kuta za miji, na ndani ya miji yenyewe wenye watumwa ndio waliokuwa wakubwa.

Msitu wa Juba

Ukombozi ulioonekana kwa macho uliletwa na watumwa wenyewe. Kando ya Mto Juba palikuwa na msitu mnene wenye mbung'o wengi, na kwa sababu hiyo wafugaji waliuepuka. Kuanzia miaka ya 1840 watoro kutoka Shabelle walianza kujenga vijiji humo. Nchi ile ikaitwa Gosha.

Wazigua walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyekuwa na kipawa cha kuona yajayo, ambaye aliwaongoza kutoroka kwa nia ya kurudi Uzigua kwa miguu. Walipofika Juba wakakata shauri kubaki. Baada yao walikuja Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, kila taifa likijenga kijiji chake. Mmoja wa viongozi wao, Nassib Bundo, alipata nguvu hata akaandikiana na Sultani wa Zanzibar kama mtawala mwenye nchi. Mwisho wake ulikuwa mchungu: alikufa akiwa mfungwa wa Waitaliano huko Mogadishu.

Katika msitu ule ndipo tofauti kati ya waliochukuliwa wakubwa na waliochukuliwa wadogo ilipoonekana wazi. Wazigua waliosafirishwa pamoja, mume, mke na watoto, walibaki na lugha yao. Kizigua kinazungumzwa na wajukuu wao mpaka leo, na ngoma za jando na unyago ziliendelea kurithishwa. Waliofika Gosha baadaye, hasa juu zaidi mtoni, wengi walikuwa wameuzwa wakiwa watoto, mmoja mmoja, au walizaliwa utumwani. Hao hawakuwa na lugha ya kurudia. Walisema Kisomali au Kimaay, lugha ya bara kati ya Juba na Shabelle, wakajitambulisha kwa koo za waliowamiliki, na wengine hawakuwa na la kusema kuhusu asili yao ila kwamba walitoka kusini, ng'ambo ya bahari.

Yaani mtu angeweza kupata uhuru na ardhi bila kupata tena jina la ukoo wake. Hasara hiyo haikuandikwa katika daftari la balozi yeyote.

Walioandikwa majina

Wachache waliandikwa. Watoto waliookolewa na manowari walipelekwa Aden, Bombay, Ushelisheli, na baadaye Zanzibar na Mombasa. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana wavulana watano kutoka jahazi lililokamatwa, na hao wakawa mwanzo wa shule ya Kiungani huko Zanzibar. Wamisionari wa Kikatoliki waliwakomboa watoto kwa fedha kutoka soko la Zanzibar na kujenga kijiji cha waliokombolewa Bagamoyo. Freretown, upande wa bara wa Mombasa, ilianzishwa 1875 kwa ajili hiyo hiyo.

Pale Kiungani mwalimu A. C. Madan aliwaomba wavulana waandike habari zao kwa Kiswahili, akazichapisha kwa Kiingereza mwaka 1887. Ni miongoni mwa maandishi machache sana ambamo watoto wa biashara hii wanajisemea wenyewe. Wanaeleza vita vya kijiji, deni la mjomba, njia ndefu na kuuzwa mara kwa mara kabla ya kuiona bahari. Mwingine aliyesoma pale, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa akiwa mtoto, alipewa upadri mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika katika misheni yake, na alifanya kazi kusini katika nchi ya watu wake.

Kisa kingine kilitokea kaskazini zaidi, katika Bahari ya Shamu. Septemba 1888 manowari Osprey ilikamata majahazi matatu yenye watu 204, wengi wao watoto wa Kioromo. Wamisionari wa Aden waliwachukua baadhi yao, na mwaka 1890 watoto 64 wakapelekwa shule ya Lovedale, Afrika Kusini. Kila mmoja aliulizwa jina lake, majina ya wazazi, kijiji chake, nani alimuuza, kwa kitu gani. Majibu yakahifadhiwa. Kwa sababu hiyo habari za Bisho Jarsa, mmoja wa watoto wale na bibi wa mwanazuoni wa Afrika Kusini Neville Alexander, aliyefungwa Robben Island pamoja na Mandela, zinajulikana hadi leo. Mtoto wa Kioromo aliyeuzwa Kismayu miaka ile ile hakuwa na karani wa kumuuliza.

Bendera mpya

Ukoloni ulikuja na kauli ya kukomesha utumwa. Mwaka 1903 msafiri wa Kiitaliano Luigi Robecchi-Bricchetti alitumwa Benadir na jumuiya ya nchi yake ya kupinga utumwa, akakuta miji inayosimamiwa na kampuni ya Kiitaliano ikiwa bado imejaa watumwa. Mogadishu peke yake, kati ya wakazi karibu 6,700, zaidi ya 2,000 walikuwa watumwa. Barua zake zilizochapishwa 1904 zilizua kashfa kubwa Italia, na mwaka 1905 serikali ikaipokonya kampuni madaraka.

Kismayu na ng'ambo ya kusini ya Juba zilikuwa chini ya Waingereza, zikihesabiwa sehemu ya Kenya, mpaka zilipokabidhiwa kwa Italia mwaka 1925. Chini ya Mussolini mashamba ya ndizi na pamba yalihitaji vibarua, na vibarua wakatafutwa Gosha, kwa watoto na wajukuu wa watoro. Vijana wa kike na wa kiume walikusanywa kwa nguvu, wengine wakaozwa kwa amri ili kila shamba liwe na familia za kulihudumia. Wenyeji wanauita wakati huo kolonya. Ulikwisha jeshi la Uingereza lilipoiteka Kismayu Februari 1941 na Waitaliano wakaondolewa.

Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wasio na koo zenye silaha ndio walioumia mwanzo. Wagosha walivamiwa maghala na mashamba yao, wakakimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Wabajuni walifukuzwa visiwani, nyumba na vyombo vyao vikachukuliwa. Wengi walivuka kwenda Mombasa na kuishi katika kambi ya Jomvu. Waliorudi Koyama na Chula walikuta mambo yamegeuka: baadhi walivulishwa samaki kwa nguvu, au kwa ujira wa kuwatosha tu wasife njaa, katika mashua ambazo zamani zilikuwa zao.

Mwaka 2008 Kismayu iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa al-Shabaab, wakaishika hadi majeshi ya Kenya na washirika wao, wanamgambo wa kundi la Ras Kamboni, walipoingia mwaka 2012. Vita hivyo vilirudisha hesabu ya zamani ya thamani ya mtoto. Ripoti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mwaka 2018 ilithibitisha kuwa watoto 2,300 waliingizwa vitani nchini Somalia, 1,865 kati yao na al-Shabaab. Waliobaki walichukuliwa na makundi mengine, yakiwemo majeshi ya serikali na ya majimbo. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi vijiji vya mkoa wa Bay, jirani na bonde la Juba, vilivyoamriwa kutoa watoto wa kuanzia miaka minane, na waliokataa wakatishiwa kushambuliwa. Kilichotakiwa ni watoto kwa idadi, kama vile zaka ya mifugo.

Pwani hii haiko peke yake. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kuwa mwaka 2021 watoto milioni 3.3 walikuwa katika kazi za kulazimishwa duniani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba kati ya wahanga wa biashara ya binadamu waliotambuliwa mwaka 2022, asilimia 38 walikuwa watoto.

Sheria zipo. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 ilikataza utumwa na biashara ya binadamu katika ibara ya 14, na ibara ya 29 ilisema mtoto, maana yake kila aliye chini ya miaka 18, asitumiwe vitani. Mwaka 2014 serikali na Umoja wa Mataifa waliafikiana kwamba mtoto anayekamatwa au kujisalimisha kutoka kundi lenye silaha akabidhiwe kwa watu wa huduma za watoto ndani ya saa 72. Mwaka 2015 Somalia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Amri ya Barghash ya mwaka 1876 nayo ilikuwa sheria nzuri, ikakosa wa kuitekeleza nje ya kuta za mji. Saa 72 hazina maana kwa mtoto anayeshikwa mwituni mwa Jamaame, katika bonde la Juba, ikiwa hakuna gari la kumfuata na hakuna nyumba salama ya kumpokea Kismayu.

Na kuna kazi ambayo haihitaji bunduki. Somalia ni miongoni mwa nchi zenye watoto wachache zaidi duniani walioandikishwa walipozaliwa. Mtoto ambaye hakuna karatasi inayomtaja, wala umri wake wala mzazi wake, ni rahisi kuitwa askari mtu mzima, mke wa mtu au kibarua. Kwa miaka mingi Msalaba Mwekundu, pamoja na Hilali Nyekundu ya Somalia, umekuwa ukitafuta waliopotezana na kutangaza majina yao katika redio ya BBC kwa Kisomali. Kazi hiyo inapaswa kufika Koyama, Chula, Jilib na kambi za waliorejea Kismayu kutoka Dadaab, kukiwa na karani wa kuandika jina la mtoto, la mama na la kijiji. Na matangazo yasomwe kwa Kibajuni, Kizigua na Kimaay pia, kwa kuwa jamaa wa mtoto aliyepotea wanaweza kuwa hawakisikii Kisomali.